Gemu Kumi za Majini na Majoka: Hukumu ya Kibandani

Mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga Uchina. Watu wa ikulu ya mfalme Yongle walipoiona shingo ile wakakata shauri kwamba huyu si mnyama bali ni qilin, kiumbe wa hadithi ambaye hujitokeza pale tu nchi inapopata mtawala mwema. Twiga mwenyewe hakuulizwa. Nayasema haya mapema asije mtu wa Nairobi akauliza watu wa Malindi wanajua nini kuhusu fantasia. Bwana wee, sisi tulikuwa tukiipakia melini karne sita zilizopita.

Basi leo tunahukumu gemu za mapigano zilizotolewa kwenye sinema za fantasia: majoka, majini, mazimwi, fimbo za uchawi, nyani wa urefu wa ghorofa. Mahakama inakaa kwenye kibanda cha PlayStation, kile unachokijua kama umewahi kukatiza Maweni au Kisumu Ndogo pale Malindi, au Kibaoni kule Kilifi. Mabati juu, feni yenye shingo upande, televisheni mbili tatu, benchi, na pedi moja ambayo kijiti chake cha kushoto kimebanduka ngozi kikazungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hiyo hupewa mgeni.

Mfalme wa kibanda ni mpira, hilo halina ubishi. Kampuni ya EA (msidhani ni Afrika Mashariki, ni Electronic Arts) iliacha jina la FIFA mwaka 2023 ikaiita gemu yake FC, lakini vibandani hakuna aliyepewa barua, na watoto wanaendelea kusema FIFA. Kwa hiyo swali la kwanza la hukumu ni hili: gemu hii inaweza kumtoa mtoto kwenye foleni ya mpira? La pili: inaniachia nifanye lile nililolitamani nikiitazama sinema? Maana sinema nimeshaiona, tena na DJ Afro akinieleza kwa sauti yake stelingi ni nani na nani atakufa kabla ya saa moja kwisha. Sikuja kutazama tena. Nimekuja kupiga mtu.

Aliyeangushwa mlangoni hata kabla ya kuhesabiwa ni E.T. wa Atari, mwaka 1982. Sinema ya Spielberg iliwaliza watu wazima. Gemu yake iliandikwa na mtu mmoja, Howard Scott Warshaw, kwa muda wa majuma matano, na kazi kubwa ya mchezaji ni kutumbukia shimoni, kupanda, kisha kutumbukia tena. Kaseti zilizododa zilikwenda kuzikwa jalalani Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na mwaka 2014 zikafukuliwa mbele ya kamera. Wazee wetu walikuwa wakizika fingo mlangoni ili baya lisiingie mjini. Wamarekani walilizika baya lenyewe, halafu wakalifukua.

Haya, tuhesabu kurudi nyuma. Magomvi yanaruhusiwa.

10. The Golden Compass (2007)

Sinema ilikuwa na Nicole Kidman, Daniel Craig, na ikaondoka na Oscar ya picha za kiini macho. Gemu, iliyotengenezwa na Shiny Entertainment na kutolewa na Sega, iliondoka na dubu. Dubu mweupe, amevaa deraya, anapigana kwenye theluji kwa mwendo wa mtu aliyeamshwa usingizini. Icheze mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imechoka na mabati yanachemka: dubu anatoa mvuke mdomoni, wewe unatoa jasho.

Hukumu: kitu pekee tulichokitamani humu ni barafu, na hainyweki.

9. Clash of the Titans (2010)

Sinema iliingia kumbini Aprili, gemu ikaja nyuma yake kwa miezi, wageni washakula na vyombo vimeoshwa. Ni kazi ya Game Republic wa Japani. Perseus anapigana na mapepo ya Kigiriki na kuwapokonya silaha zao, wazo zuri, ila God of War ilikuwa imeshawachapa Wagiriki haohao tangu 2005, na iliwachapa vizuri zaidi.

Tatizo kubwa hasa ni Kraken. Hadithi nzima inategemea mchezaji amwogope mnyama wa baharini mwenye mikono mingi. Sasa mletee hofu hiyo mtu wa pwani! Jioni ya Malindi pweza yuko kwenye sufuria, amekatwakatwa, supu inachemka, ndimu na pilipili kando, na wanaume wamesimama wakinywa kwa sababu wanazozijua wenyewe. Nenda Mayungu umwambie mvuvi kwamba Zeus ameamuru Kraken aachiliwe.

Hukumu: atakuuliza kilo ngapi.

8. Harry Potter and the Deathly Hallows: Part 1 (2010)

Mtoto amesomeshwa uchawi bweni miaka sita. Vitabu, joho, bundi, vyote vimenunuliwa. Halafu EA wakakaa mkutanoni, wakaangalia gemu za vita zinavyouza, wakaamua fimbo iwe bunduki. Unajibanza nyuma ya ukuta, unatoa kichwa, unafyatua, unajibanza tena. Wachawi wenzako nao wamejibanza ng'ambo. Hakuna aliyekumbuka hata kumgeuza mwenzake chura.

Nikumbushe hapa kwamba gemu ya kwanza kabisa ya Harry kwenye PlayStation ya zamani, ile ya 2001, ilikuwa na Hagrid mwenye uso wa mfuko wa saruji uliolowa ukakauka. Ulikuwa unatisha kuliko Voldemort. Lakini ile ilikuwa na roho: ulizurura shuleni, ulijifunza, ulipotea. Hii ya 2010 imekupa sura nzuri ikakunyang'anya shule.

Hukumu: ada irudishwe kwa wazazi.

7. Eragon (2006)

Kijana wa shamba anaokota yai, linaanguliwa joka la buluu, jina lake Saphira. Joka liko kwenye kava. Joka liko kwenye trela. Ukishaingia kwenye gemu, muda mwingi unakwenda kwa miguu ukikatakata watu kwa upanga, na joka unalipanda kwa nadra, kwa zamu, kwa ruhusa. Inauma zaidi ukijua kwamba waliotengeneza ni Stormfront, walewale waliotupa The Two Towers mwaka 2002. Kupiga wanajua. Kuruka walisahau.

Mtu wa Kilifi akimiliki joka hatatembea kwa miguu kutoka Mnarani hadi Kibaoni. Atalisajili, atalipaka jina la mama yake, na kufika saa kumi na mbili litakuwa limeshabeba abiria watatu.

Hukumu: gemu ya joka kwa wasiopenda majoka.

6. Pirates of the Caribbean: At World's End (2007)

Jack Sparrow anayumba, anapepesa macho, anakata upanga kwa mkono mlegevu. Eurocom, waliotengeneza gemu hii, waliunasa mwendo wake vizuri hata ukimtoa sauti utamjua. Kuna na vile vipande wanavyoviita Jackanism, ambapo unabonyeza vitufe kwa mpangilio na Jack anafanya vituko vyake. Mara ya kwanza unacheka. Baadaye unagundua ni Jack anayecheza, wewe umekaa unambonyezea.

Na kwa maharamia, Malindi tuna kumbukumbu ndefu. Aprili 1498 Vasco da Gama aliteka mashua ya watu katikati ya Mombasa na Malindi, kisha akatia nanga kwetu kwa heshima zote. Sisi tukampokea kwa shangwe, tukampa na rubani wa kumfikisha Calicut. Nguzo yake ipo mpaka leo, watalii wanapigia picha. Ukifikiria kidogo, hakuna sinema ya Disney ambamo haramia amewahi kutendewa wema kiasi hicho.

Hukumu: Jack ni mchezo mzuri, ila tumeshawahi kuwa na ya kweli.

5. Reign of Fire (2002)

Haikusifiwa, haikukumbukwa, lakini naipandisha na sishuki. Unaanza upande wa binadamu, unaendesha magari na kuzima moto Uingereza iliyoteketezwa. Ukimaliza, unapewa joka. Lenyewe! Uwachome walewale uliokuwa ukiwaokoa. Gemu ndogo, picha zake mbovu, lakini imeelewa kwamba hakuna mtu aliyetoka kwenye sinema ile akitamani kuwa zimamoto.

Onyo kwa wasomaji wa Watamu na Mambrui: aliyeezeka nyumba kwa makuti hawezi kuicheza hii kwa moyo mweupe.

4. Aladdin (1993)

Hapa ndipo marafiki hukosana. Sinema moja, mwaka mmoja, gemu mbili tofauti. Ya Sega ilitoka kwa Virgin, chini ya David Perry, na michoro yake ilishikwa na wachoraji wa Disney wenyewe. Aladdin ana upanga. Ya Super Nintendo ilitoka kwa Capcom, na mmoja wa wabunifu wake alikuwa Shinji Mikami, ambaye mwaka 1996 alikuja kututia kiwewe na Resident Evil. Humo Aladdin hana upanga. Anaruka juu ya vichwa vya watu na kuwatupia tufaha.

Wataalamu wengi wa mambo ya kuruka watakuambia ya Capcom ni laini zaidi. Sikatai. Lakini swali letu ni lile: ulipotazama sinema ulitamani nini? Kijana wa Agrabah sokoni, askari wenye majambia wanamkimbiza, na wewe unataka awarushie matunda? Nipe upanga.

Kuhusu jini, neno moja. Msomaji aliyekulia na Alfu Lela Ulela shuleni na majirani wenye mambo yao mtaani atamshuku huyu wa Disney toka mwanzo. Ni wa buluu, anaimba, anatimiza haja tatu, na hadai ubani, halua wala kuku mwenye rangi maalumu.

Hukumu: ya Sega. Na yule jini ni tapeli.

3. The Lion King (1994)

Simba, Rafiki, Pumbaa. Majina yetu, mbuga yetu: wachoraji wa Disney walifika Kenya mwaka 1991 wakazunguka na daftari zao, na miamba ya Hell's Gate kule Naivasha inatambulika kwenye kazi yao. Hatukupata hata hisa moja. Baadaye Disney wakasajili maneno mawili, "Hakuna Matata", kuwa alama ya biashara huko Marekani kwa ajili ya fulana, ingawa bendi yetu ya pwani, Them Mushrooms, ilikuwa imewaimbia watalii maneno hayo tangu 1982. Ukinunua fulana ufuoni Watamu yenye maandishi hayo, muulize muuzaji jina la wakili wake.

Gemu yenyewe ilitengenezwa na Westwood Studios, na ni nzuri kwa macho mpaka leo. Simba mdogo ananguruma sauti ya paka aliyekanyagwa mkia, nungunungu anageuka chali, unaruka, unampanda. Raha. Halafu inakuja hatua ya pili. Nyani wanakurusha kutoka mti hadi mti, na ukikosea ni yupi wa kumngurumia ageuke upande wa pili, unarushwa pale ulipotoka, milele. Katikati unampanda mbuni anayekimbia, na mbuni huyo amewaliza watu ambao leo ni mawakili na madaktari.

Ugumu huo haukuwa bahati mbaya. Louis Castle wa Westwood alieleza miaka mingi baadaye kwamba Disney walitaka mtu aliyekodi gemu kwa siku mbili tatu asiweze kuimaliza, ili aende akainunue. Yaani wakubwa wa California walikaa na kompyuta zao, wakavumbua kanuni ambayo kila mwenye kibanda Malindi anaijua kwa moyo: mtoto akishindwa, shilingi kumi nyingine.

Mwisho kabisa unapigana na Scar mwambani. Unampiga, unampiga, hafi. Hatakufa. Lazima ujue mtindo wa kumrusha chini, na hakuna popote gemu inapokuambia. Waliogundua walijiona maprofesa. Westwood wenyewe walinunuliwa na EA mwaka 1998, na mwaka 2003 EA wakawafunga. Scar alitupwa mara moja tu.

Hukumu: ya tatu kwa uzuri. Ingekuwa kwa machozi ingekuwa ya kwanza.

Mapumziko: stima imepotea

Kibanda kimezimika. Mwenyewe ametoka kuchungulia kama ni tokeni zake zimekwisha au ni mtaa mzima. Mliokuwa mnaongoza mabao mawili kwa bila, poleni. Tukisubiri, niwauzie gemu ambayo haipo.

Inaanzia gerezani Pate. Stelingi wetu ni Fumo Liyongo: jitu, mshairi, mpiga upinde, na mfalme anamtaka maiti. Hatua ya kwanza ni ya ujanja: mama yake anaoka mkate, tupa imefichwa ndani, na ni mkate wa wishwa makusudi ili walinzi wenye kuchagua chakula wasiuguse. Kijakazi Saada anapita nao. Hatua ya pili ni ya muziki: ngoma ya gungu inapigwa nje ya gereza, na wewe ndani unaikata minyororo kwa kufuata mapigo. Ukitoka nje ya mdundo, walinzi wanaisikia tupa. Hatua ya tatu umevunja mlango na pwani nzima iko mbele yako, upinde mkononi.

Halafu siri ya bosi, ila hapa bosi ni wewe: hufi kwa mkuki wala mshale, isipokuwa sindano ya shaba ikudunge kitovuni. Na atakayekudunga ni mwanao, amehongwa. Bado haijaisha. Unakufa umepiga goti kisimani, mshale umeuelekeza mbele, na mji mzima hauthubutu kuchota maji kwa sababu hakuna anayejua kama umekufa. Nitajieni gemu moja, kutoka kampuni yoyote, ambamo mchezaji akishakufa ndipo anapoogopwa zaidi.

Kaburi lake huonyeshwa karibu na Kipini, mdomoni mwa Tana, kaskazini ya Malindi. Utenzi wake umesomwa na kuchapishwa, maprofesa wamebishania karne aliyoishi. Sinema kubwa, hamna. Na bila sinema hakuna gemu ya sinema. Watu wa filamu, mnangoja qilin mwingine?

Aliyekaribia kutuokoa ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa Bayek sauti kwenye Assassin's Creed Origins. Alifiwa na baba yake, na majonzi hayo akayageuza gemu: Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumdai baba yake arudishwe. Anapigana kwa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Haikutoka kwenye sinema, kwa hiyo haina namba hapa, lakini unaweza kuicheza ikizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tatizo: inataka PlayStation 5, Xbox mpya, Switch au kompyuta. Gemu inayozungumza lugha ya kibanda haifunguki kwenye mashine za kibanda.

Nani waliisambaza? EA. Na nani walitangaza gemu ya Black Panther mwaka 2023, tukaanza kushona kanzu za Wakanda, kisha Mei 2025 wakaifuta na kuifunga studio? EA haohao.

Stima imerudi. Rudini mkae.

2. King Kong (2005)

Gemu ya sinema ya Peter Jackson, kazi ya Ubisoft chini ya Michel Ancel, baba wa Rayman. Ukiiwasha utadhani televisheni ya kibanda imeharibika, maana kiooni hamna kitu. Hakuna mstari wa uhai, hakuna hesabu ya risasi, hakuna ramani pembeni. Ukitaka kujua umebakiza risasi ngapi, Jack, mtu unayemchezesha (si yule haramia), anakuambia kwa mdomo. Ukiumwa, picha inageuka nyekundu na moyo unadunda. Risasi zenyewe ni haba kiasi kwamba saa nyingi unashika mkuki au mfupa uliouokota, na unachoma nyasi kavu ili kuwafukuza wanyama. Unaogopa kwa dhati, na uoga huo ndio sinema iliokuwa ikijaribu kuutengeneza kwa saa tatu.

Halafu inakupa kile hasa. Ghafla wewe si Jack tena, wewe ni Kong. Kamera inarudi nyuma, unajipiga kifua, unaruka mwamba hadi mwamba, na yule mjusi mkubwa aliyekufanya ujifiche nusu saa iliyopita unamshika mataya yote mawili na kuyatenganisha. Benchi zima husimama hapo.

Na kuna siri waliyoificha kwa wenye bidii: ukijikusanyia pointi robo milioni, unafunguliwa mwisho mwingine, Kong haanguki kutoka ghorofani New York, anaokolewa na kurudi kisiwani kwake. Kila sinema iliyompandisha ghorofani New York tangu 1933 imemuua. Gemu peke yake ndiyo iliyotuuliza sisi tunataka nini.

Kwa nini si ya kwanza? Kwa sababu inachezwa na mtu mmoja. Wengine watano wanabaki benchini wakitoa ushauri wa bure, na ushauri wa kibandani una sauti kubwa kuliko Kong.

Hukumu: bora kuliko sinema yake. Ndiyo, nimesema.

1. The Lord of the Rings: The Return of the King (2003)

Pedi mbili. Ningeweza kuishia hapo.

Ilitoka Novemba 2003, mwezi mmoja kabla ya sinema, kwa hiyo kuna watu walioufikisha mkufu wa balaa motoni kwa vidole vyao kabla ya kumwona Frodo akifanya hivyo kumbini. (Ni pete, najua. Kibandani Malindi niliusikia ukiitwa mkufu, na waliouita hivyo walikuwa wanashinda.) Sinema ilizoa tuzo 11 za Oscar; gemu ikazoa vidole gumba. Kipande cha sinema kinaonyeshwa, Gandalf anapanda farasi kuelekea Helm's Deep, na bila kukatika picha inayeyuka na wewe ndiye Gandalf, fimbo mkono mmoja, upanga mkono wa pili, mazimwi yamekujaa. Hakuna muda wa kusoma maelezo. Bonyeza.

Baada ya hapo njia zinagawanyika: ya mchawi, ya mfalme, na ya wale wafupi. Mnaingia wawili: mmoja Aragorn, mwingine anang'ang'ania Legolas kwa sababu ya mishale, na kila siku kuna ugomvi nani amchukue Gimli. Mkishaua vya kutosha mnapata pointi za kununulia mapigo mapya. Kwenye kuta za Minas Tirith maadui wanaegemeza ngazi, na kazi yenu ni kuzipiga teke zianguke kabla hawajajaa juu. Hapo ndipo urafiki hupimwa: wewe uko kulia, ngazi ya kushoto imejaa, na mwenzako anapiga mishale mawinguni.

Kisha uwanja wa Pelennor na wale tembo wa ghorofa mbili wenye majumba mgongoni. Hatua hii naiweka wakfu kwa wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke waliowahi kuamka wakakuta mahindi hayapo na nyayo zipo. Hakuna fomu ya fidia. Mishale tu.

Kuhusu swali la foleni ya mpira: hii ndiyo gemu pekee katika kumi hizi ambayo, ikiwashwa, wenye kusubiri FIFA husogea upande wa pili wa benchi. Hawaulizi inaitwaje. Wanauliza "nani anafuata?" Na walioitengeneza ni EA, tawi lao la Redwood Shores, kampuni ileile yenye mpira. Kwa hiyo hata EA waliposhindwa, walishinda.

Najua kuna watakaosema The Two Towers ilikuwa bora, ilikuwa ngumu, ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa na pedi moja. Kesi imetupwa.

Mwenye kubisha aandike kumi zake na azilete. Nitazisoma zote, ila Aladdin asiye na upanga akiwa juu ya nambari nne, karatasi sitaigeuza.